Zamu ya Mninga

1

Mzee yule alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi tangu saa mbili asubuhi, na saa nne na nusu alikuwa bado yupo, kofia juu ya goti, bahasha ya kaki mkononi. Nyamizi Kasubi alikuwa amempita mara tatu. Mara ya kwanza alidhani ni fundi aliyeitwa kutazama choo cha ghorofa ya chini. Mara ya pili alidhani ni mzazi wa mfanyakazi. Mara ya tatu Hamduni wa mapokezi alimvuta pembeni na kumnong'oneza kama mtu anayeleta taarifa ya msiba.

"Bi Nyamizi, huyu anasema ni mwanafunzi wako."

"Mwanafunzi? Hapa?"

"Ndiyo. Nimemwambia chuo hiki hakina wanafunzi wa kuja kwa miguu. Akanijibu yeye hakuja kwa miguu, kaja kwa treni."

Chuo cha Pamoja, pale Tabora, kilikuwa na wanafunzi elfu kumi na tisa na hakikuwa na darasa hata moja, kwa kuwa masomo yote yalipita mtandaoni. Kilikuwa ghorofa mbili za ofisi na chumba kimoja cha mitambo kilichovuma kama mzinga wa nyuki. Tangu kifunguliwe mwaka 2058 hakuna mwanafunzi aliyewahi kuvuka mlango ule, na kuvuka kulikuwa kosa. Mwanafunzi alijulikana kwa jina la mti alilopewa siku ya kujiandikisha. Jina hilo ndilo lililosoma, likabishana, likafaulu au likafeli. Nani hasa yuko nyuma yake, hilo walilijua wabunifu wa kozi wachache tu, waliokula kiapo. Nyamizi alikuwa mmoja wao.

Alimsogelea mzee. "Shikamoo, mzee wangu."

Mzee hakujibu papo hapo. Taya lilitikisika, mshipa wa shingo ukasimama, akainua kidole kumwomba asubiri. "Ma... ma-ma... ma..." Akafumba macho, akaanza upya. "Marahaba, binti yangu. Mimi ni Mninga."

Nyamizi aligeuka kushoto na kulia, kama vile mtu amevua nguo mbele ya hadhara.

"Pita ndani," alisema. "Upesi."

2

Ofisini mzee aliketi. Nyamizi hakuweza. Alifunga mlango, akaufungua kuhakikisha ukumbini hakuna mtu, akaufunga tena. Akavuta droo, akairudisha bila kutoa kitu.

"Mzee wangu, umevunja kanuni. Leo saa nane mna utetezi wa kazi yenu ya maji ya Igunga, na mimi ndiye mwenyekiti wa jopo. Sikutakiwa kukuona uso."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Mazungumzo yale yalichukua karibu saa nzima, kwa kuwa Mzee Anangisye Mwakalobo alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Hatutaandika kila mahali alipokwama, maana msomaji angechoka kuliko alivyochoka mwenyewe. Lakini Nyamizi, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza watu wanavyosema, aligundua jambo. Mzee alikwama kwenye salamu, kwenye majina ya watu, hata kwenye jina lake mwenyewe. Alipofika kwenye bomba, koki, gasketi, valvu, maneno yalitoka yote mazima.

"Umeliona hilo?" mzee alicheka. "Miaka thelathini na minane nimetengeneza pampu za maji huko Urambo. Hayo ni maneno niliyoyashika mkononi. Hayajawahi kunikwamisha hata siku moja, hata nikiwa nimekasirika."

Kisha akafungua bahasha, akatoa karatasi iliyopigwa mstari katikati. Upande wa kushoto, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika vizuri akiwa mtu mzima, alikuwa ameandika: *Niliyosema.* Upande wa kulia: *Waliyosikia.*

Kushoto: Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja. Nina kigugumizi. Niwieni radhi nikichelewa.

Kulia: Mimi ni mwanafunzi mwenzenu. Tuendelee.

Kushoto: Wewe Mvule, kijana, acha ubishi, bomba la inchi mbili halipandishi maji Igunga.

Kulia: Mwenzangu Mvule, naona bomba la inchi mbili halitoshi.

Kushoto: Shikamooni, kama yupo anayenizidi.

Kulia hapakuwa na kitu. Mzee alikuwa amechora mstari mfupi.

"Nilidhani mmenibadilishia sauti tu," alisema. "Hilo nililikubali, nikatia saini. Nikafurahi, kwa kweli. Mara ya kwanza maishani nasema neno na watu hawatazami chini. Mlinivika suti ya mtu mwingine, ikanikaa vizuri mpaka nikasahau nimevaa. Halafu mwezi uliopita nikaomba kusikiliza kumbukumbu za masomo yetu, nijisahihishe. Binti yangu, nimekaa na watu hawa miaka mitatu. Hawajui hata kama nipo."

Nyamizi alikuwa dirishani. Alirudi mezani, akaitazama karatasi bila kuigusa.

Mfumo ule uliitwa Sitara. Ulisimama kati ya mwanafunzi na wenzake. Mwanafunzi aliposema, wenzake hawakumsikia yeye, walisikia sauti moja ya kati, si ya kike wala ya kiume, isiyo na lafudhi ya Pemba wala ya Musoma. Kiziwi aliongea kwa alama mbele ya kamera, ikatoka sauti ile ile. Mwenye mtandao wa kusuasua alisubiriwa, na hakuna aliyejua ni nani anayesubiriwa. Tena kulikuwa na zamu. Aliyeshika zamu taa yake iliwaka kijani, na mpaka aiachie mwenyewe hakuna mtu, hata mwalimu, aliyeweza kumkatiza, kwa kuwa vipaza sauti vya wengine vilijifunga. Mwisho kulikuwa na orodha ya maneno mia mbili na kumi na manne ambayo Sitara iliyabadilisha au kuyameza, kwa sababu yalifichua umri, jinsia, dini au mwili wa msemaji. Kabla ya Sitara, katika kila watu kumi walioacha masomo njiani, saba walikuwa wanawake, au wenye ulemavu, au watu wa vijiji vya mbali. Mwaka wa pili wa Sitara tofauti hiyo haikuonekana tena.

Orodha ile aliiandika Nyamizi. Neno la kwanza kabisa lilikuwa shikamoo.

Alikuwa na sababu yake. Miaka ishirini nyuma, akiwa binti wa Kinyamwezi aliyetoka Sikonge, alisimama mbele ya jopo la watahini na kusema kwamba wanakijiji walipiga *kula* kuchagua kamati ya maji. Mtahini mmoja akauliza kama wanakijiji walishiba. Ukumbi mzima ulicheka, na ripoti yake nzuri ikazama ndani ya kicheko kile. Tangu hapo hakutamka neno lenye herufi r kama angeweza kulikwepa. Hata Sitara, mtoto wake mwenyewe, ilipewa jina na kamati siku ambayo hakuwepo, na yeye aliiita kifuniko.

"Unataka nini, mzee wangu?"

"Leo nijitetee kwa sauti yangu. Hii hii mbovu."

"Haiwezekani."

"Basi sitakuja."

"Usipokuja, kundi zima linaanguka. Utetezi ni wa watu watatu, wakipungua hakuna utetezi. Utawaponza Mvule na Mkuyu."

"Mkuyu nitamwonea huruma," mzee alisema. "Yule ana akili, tena ana adabu. Chujio lote la maji limetoka kichwani mwake. Mvule acha aanguke kidogo, ajifunze kusikiliza wakubwa."

Nyamizi alikohoa, akatazama dirishani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha aliegemea ukingo wa meza, akasimama wima tena, akasema kwa sauti ya chini. "Nitakwambia kitu ambacho kiapo hakiniluhusu." Neno lilikuwa limeshamtoka. Alihisi masikio yanawaka. Mzee hakutabasamu wala hakutazama chini. Alisubiri tu. "Ndani ya kundi lenu yumo mtu ambaye kifuniko hiki ndiyo nguo yake pekee. Wewe ukivua, watu watageuka kuwatazama waliobaki. Wataanza kuuliza, na wewe je? Unanielewa?"

Mzee alikunja karatasi yake, polepole, kwa mikunjo ile ile ya mwanzo.

"Nimekaa naye miaka mitatu," alisema. "Unadhani nitatulia avuliwe nguo mbele yangu?"

3

"Watatu ukimtoa mmoja wanabaki wawili," alisema Sadala, fundi wa Sitara, bila kugeuza macho kutoka kwenye mitambo yake. "Wawili hao mtu yeyote atakisia ni akina nani. Na orodha ya maneno siwezi kumfungulia mmoja. Nikiifungua, nimewafungulia wote watatu. Umri, kijiji, mume, mtoto, kila kitu kinapita."

"Na sauti?"

"Sauti ya mmoja naweza. Lakini dada, mbona leo unazunguka hivyo? Kaa basi, unanichafulia sakafu."

Nyamizi hakukaa. Alikuwa anafikiria chumba kimoja kidogo chenye dirisha la nondo, umbali wa kilomita mia tatu, ambako Mkuyu alisomea. Binti wa miaka ishirini na sita. Miaka mitano nyuma magazeti yalimpa jina la utani ambalo hata watoto walilijua, kwa kuwa alihukumiwa kwa kumtilia mwajiri wake kitu ndani ya chai. Mwajiri alipona. Jina halikupona. Alibakiza miezi kumi na mmoja atoke. Ndani ya chumba kile, kwa mkaa wa mifupa na udongo wa kuchoma, alibuni chujio la kuondoa floraidi inayoozesha meno ya watoto wa Igunga na kupinda miguu yao. Chujio lilikuwa limepimwa mara tatu na lilifanya kazi. Lakini nani angekubali kunywa maji yaliyopita mkononi mwa binti yule, akijua?

Na je, watu wa Igunga hawakuwa na haki ya kujua? Swali hilo lilimsumbua Nyamizi usiku na mchana, na Sitara ilikuwa imemsaidia kutolijibu. Lakini Sitara ile ile ilikuwa imemmeza mzee mzima na salamu zake. Haki ya huyu kuonekana ilikaa juu ya shingo ya yule asiyetaka kuonekana, na mkono uliowapanga hivyo ulikuwa wake.

Aliwaandikia Mvule na Mkuyu: *Leo orodha ya maneno itafunguliwa, na mwenzenu mmoja atasema kwa sauti yake, kwa ombi lake. Hakuna anayelazimika kusema chochote kuhusu nafsi yake.*

Mvule alijibu kwa neno moja: *Hatimaye.*

Jibu la Mkuyu lilichelewa dakika kumi na moja. *Mimi sina la kusema. Nifunikeni.*

Nyamizi alilisoma akiwa amesimama. Akavua viatu, akavivaa tena. Saa saba na dakika arobaini.

"Sadala," alisema, "fungua."

"Saini kwanza."

Alitia saini.

4

Mzee alikaa kwenye chumba cha kioo upande wa pili wa ukumbi, kofia gotini, mdomo karibu na kipaza sauti. Kwenye ukuta walionekana wengine. Mvule na Mkuyu walikuwa miti miwili iliyochorwa. Profesa Rwechungura, mtahini aliyealikwa kutoka Bukoba, alionekana uso wake mzima, mpana, wenye miwani na furaha. Chini ya picha zote ilikuwepo saa ya utetezi. Dakika arobaini. Ikifika sifuri, maswali yamekufa, hata kama mtahini ana moja mdomoni. Hiyo nayo ilikuwa kanuni ya Nyamizi.

Mwenyekiti aliruhusiwa kutumia Sitara, na Nyamizi aliitumia siku zote. Aliweka kidole kwenye kitufe. Akamtazama mzee ng'ambo ya kioo. Akakizima.

"Kalibuni," alisema. "Kalibu, Plofesa."

Nyusi za profesa zilipanda kidogo, zikashuka. Hakucheka. Huenda miaka ishirini ilikuwa imewafundisha watahini kitu, au huenda kicheko kile kilikuwa kimebaki kichwani mwa Nyamizi peke yake.

Utetezi ulianza. Mvule alieleza mabomba, Mkuyu akaeleza chujio, wote kwa sauti ile ile ya kati, na profesa aliuliza maswali makali yakajibiwa. Zikiwa zimebaki dakika kumi na nne, taa ya Mninga iliwaka.

"M-m-mimi..." Ukumbi ulijaa pumzi yake. "Mimi naitwa A-a-anangisye Mwakalobo. Ni-ni fundi pampu mstaafu. Nina miaka sabini na moja. Na hii ndiyo sa-sauti yangu."

Akaachia zamu.

Taa ya Mkuyu iliwaka ya kwanza. Sitara ilikuwa haijawahi kulitamka neno lile hata mara moja, kwa hiyo ililitamka kama mgeni aliyeshuka jana. "Shi-ka-moo, Mninga."

Mzee alifumba macho. "Ma-ma-marahaba. Marahaba, mwanangu."

Ikawaka taa ya Mvule.

"Hujambo, mdogo wangu."

Taa ya Mninga iliwaka tena.

"M-m-mdogo?" alisema mzee.

"Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na nane. Nilikuwa nesi Nzega wakati wewe unacheza gololi. Miaka mitatu nakusikia unanipangia mabomba, nikasema ngoja, siku itafika. Na la inchi mbili linapandisha."

Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Shi-shi-shikamoo, dada! Lakini halipandishi!"

Profesa naye alikuwa anapangusa miwani. "Nimetahini miaka thelathini," alisema, "sijakutana na jambo kama hili. Hongereni, nasema kweli. Na sasa huyu wa tatu." Aliinamia kamera kwa upole, kama babu anayemwita mjukuu aje kupewa pipi. "Mkuyu. Naona kwenye kumbukumbu kwamba chujio ni kazi yako hasa. Nawe tuambie basi. Wewe ni nani? Upo wapi?"

Saa ilisoma dakika tisa.

Taa ya Mkuyu iliwaka, ikazimika, ikawaka.

"Mimi ni Mkuyu."

"Ndiyo, ndiyo," profesa alicheka. "Lakini jina. Watu wa Igunga watataka kujua nani kawasafishia maji, watamwitia mtoto jina hilo! Mimi mwenyewe nitaliandika kwenye ripoti. Usione haya, wenzako wamejitaja."

Nyamizi alikuwa amesimama. Alitafuta kanuni ya kuzuia swali lile, na hakuipata. Kanuni ilikuwa ndani ya orodha, na orodha aliifungua mwenyewe, kwa saini. Akimkataza profesa, profesa angejua kuna la kufichwa. Akinyamaza, kimya cha Mkuyu kingesema yote. Alinyoosha mkono kuomba zamu hata kabla hajajua atasema nini, na kitufe kilikataa. Zamu ilikuwa imeshachukuliwa.

Taa ya Mninga ilikuwa kijani.

"P-p-p-profesa," alisema mzee. "Hu-huyo a-atajibu. Lakini k-kuna jambo la-la-la kitaalamu, ku-ku-kuhusu chujio, si-si-si..." Akapumua. Akaanza tena. "Si-sikulieleza."

Profesa alifungua mdomo. Sauti haikutoka, kipaza sauti chake kilikuwa kimejifunga. Akaitikia kwa kichwa, mtu wa heshima, akakunja mikono na kusubiri.

Dakika saba. Mzee alikuwa anaeleza namna maji yanavyoingia. Kila neno lilikuwa mlima. Jasho lilimtiririka kutoka kipajini hadi kolani, akalipangusa kwa kofia, akaendelea. Dakika tano. Sadala alichungulia mlangoni na kuondoka akitikisa kichwa. Nyamizi alibana mikono yake. Alimwonea uchungu. Alifikiri, huyu mzee amekuja kwa treni kutafuta heshima, na hii ndiyo atakayoondoka nayo, watu wakimhurumia.

"Ma-maji ya-ya-yakishafika pale ju-juu," alisema mzee, dakika tatu zikiwa zimebaki, "ya-yanazuiliwa yasirudi. Ya-yanazuiliwa na va... va-va-va... va..."

Nyamizi aliinua kichwa.

"Va-va... va-va-va..."

Alimtazama kupitia kioo. Mishipa ya shingo ilikuwa imetulia. Taya lilikuwa limelegea. Macho ya mzee hayakuwa yamefumba kama asubuhi alipokuwa akipigana na salamu. Yalikuwa wazi, makavu, na yalikuwa yanatazama saa.

Nyamizi Kasubi alivuta kiti na kuketi, mara ya kwanza siku ile.

Dakika mbili. Moja. Ukutani, mti wa Mkuyu ulikuwa umetulia kabisa. Profesa aliinua kidole, akakishusha. "Va-va-va," alisema Mzee Anangisye kwa subira kubwa, sekunde baada ya sekunde, mpaka namba zote zikawa sifuri na kengele ikalia.

"Plofesa," alisema Nyamizi, "muda wa maswali umekwisha."

Taa ya kijani ilizimika. Mzee alivaa kofia yake, akainyoosha, akasogeza mdomo mbali na kipaza sauti.

"Valvu," alisema. "Nilitaka kusema valvu."